Ziko Kumi na Tisa

Fearchar, kaka yangu, cheka basi umalize.
Umezimwaga mezani kando ya kikaango cha mama,
ukaishika moja kwa vidole viwili
ukauliza kama nakwenda kuwinda sungura.

Kweli, ni nyembamba. Milimita sita.
Kichwa cha shaba tupu, hakifiki gramu saba.
Yako ni nene kama kidole cha mwashi,
ikinguruma bonde zima la Glenfarrach huitikia
na mbwa wa mchungaji hujificha chini ya trekta.
Lakini niambie:
kwa nini unafumba macho kabla ya kuvuta?

Nilikuona, mwaka juzi, juu ya kinamasi.
Bega lilijikunja kabla kidole hakijafika,
kama mtoto ajuaye kofi linakuja.
Baruti ilikuwa bado haijawaka,
woga ulikwisha kufyatuka.

Ayala yule tulimfuata saa nne.
Damu yake ilichanganyika na majani aliyocheua,
matone mabichi kijani juu ya jiwe,
kisha manyunyu yakaja yakafuta hata hayo.
Giza lilituingia tumepiga magoti tukinusa udongo.
Ulisema, "Risasi ilikuwa kubwa ya kutosha."
Ilikuwa. Tumbo likipigwa na kubwa
ni tumbo lililopigwa, basi.
Tulimpata asubuhi. Alikuwa bado anatutazama.

Ndipo nikaenda Inverness, nikauza ile saa,
nikanunua hii bunduki isiyo na teke.
Majira yote ya baridi nilipiga sahani za karatasi,
zile zilizobaki harusini kwa Seonaid,
hatua mia, nimepiga goti, soksi zimelowa,
mpaka matundu matano yakafunikwa na kiganja.
Sahani iliponikataa hatua mia mbili
sikubishana nayo.

Wembamba wa reli, treni hupita.
Sawa. Ila reli hupitisha treni njia moja tu,
na hii yangu ni hivyo hivyo:
nyuma ya bega, theluthi ya chini ya kifua,
mnyama amesimama ubavu, upepo umetulia.
Mfupa wa bega haiutaki.
Mnyama anayekupa kisogo haimtaki.
Ina masharti kama mkwe.

Septemba nililala kifudifudi mbele ya dume
mwenye pembe za ncha kumi na mbili.
Alinielekea, kifua wazi, pua inafuka.
Wewe ungepiga.
Mimi nilihesabu pumzi zake, maji yakiniingia shingoni,
nikingoja ageuke ubavu.
Hakugeuka. Alikojoa, akapanda mlima, akaenda.
Nilirudi mikono mitupu, mama akanipashia supu
na wewe ukauliza habari za sungura.

Novemba hukuwepo, kwa hiyo nisikilize.
Jike kongwe, mguu wa nyuma unachechemea,
asingeiona Januari.
Nilitambaa hadi hatua themanini,
matope mdomoni, viwiko vimechubuka.
Akasimama ubavu.
Sauti ilikuwa kama mlango uliofungwa na upepo.
Akainua kichwa kana kwamba ameitwa jina,
akaenda hatua tisa, nilizipima baadaye,
akakunja magoti ya mbele, kisha ya nyuma,
taratibu, kama anayekaa.

Nilimgusa jicho kwa ncha ya kijiti. Halikupepesa.
Hapo ndipo mkono wangu ulipotetemeka
hata kisu kikanishinda kukichomoa alani.
Baadaye, Fearchar. Sio kabla.

Sisemi yako ni mbaya. Kuna mabega yanayoibeba.
Sisemi yangu ni ya huruma; shaba haina huruma,
na yule jike hakuniomba nimfikirie.
Nasema nimechagua ile ninayoweza kuipeleka
mahali nilipoahidi.

Sasa itoe hiyo uliyotia mfukoni.
Zilikuwa ishirini.
Hapa mezani ziko kumi na tisa.